Usipumue Anapopumua Jirani

Mwalimu wetu wa kwaya ana kipande cha chuma chenye umbo la uma wa meno mawili, anachokitunza kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotunza kalamu. Tukishatulia, anakigonga kwenye goti, anakipeleka sikioni, na kwa sekunde kama tatu hivi hakuna anayeweza kumsemesha. Chuma kina sauti moja tu, A, mitetemo 440 kwa sekunde. Karatasi mkononi inasema Do ni F, basi A ya chuma lazima iwe mi. Mwalimu anaiimba mi ile kimoyomoyo, anashuka re, anashuka do, kisha anafungua mdomo na kuanza kugawa: besi hii hapa, tena shikeni hii, alto, soprano. Watu arobaini na kitu wanaguna, midomo imefumbwa, kila mmoja na nota yake, na ukumbi wa parokia wenye viti vya plastiki na mabango ya semina zilizopita unajaa mpaka kwenye mabati.

Nimeimba sauti ya pili katika kwaya hii, hapa Dar es Salaam, miaka kumi na saba. Bado kitu ninachokisubiri kuliko vyote ni zile sekunde tatu za chuma, kwa sababu najua mwalimu ametoka wapi. Mchana ni mhasibu wa ghala Kariakoo, mahali ambapo simu, mikokoteni na wadai havimwachii mtu amalize sentensi. Jioni anapanda daladala, mara nyingi amesimama. Jumanne na Alhamisi ni zamu yetu, Ijumaa ya kwaya ya vijana, Jumamosi kuna ndoa, Jumapili misa mbili. Nyumbani ana watoto wa shule, na mama yake mzee anaumwa mkoani. Ungemsamehe kabisa kama angeingia ukumbini mwili ukiwa hapa na roho ikiwa bado kwenye foleni ya Msimbazi.

Haingii hivyo. Anafika robo saa kabla yetu, anazima simu, anakaa kwenye benchi la besi na mikono magotini. Siku moja niliwahi nikamkuta. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu." "Milele amina, dada." Akarudi kwenye kimya chake, nami nikadhani anasali. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiisikiliza feni. Feni ya ukumbi ule inavuma kwenye sauti yake, nzito, ya kudumu, na wimbo ukiwa umepangwa karibu na mvumo huo, waimbaji huvutwa nao polepole bila kujua. Ndiyo maana siku nyingine tunaimba kwa joto, feni imezimwa, na jasho linatutiririka. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia feni. Tangu siku hiyo siwezi kutoisikia.

Karatasi zetu ni za nota za solfa: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo, nukta moja inalikata pigo katikati, mstari wima unatenga kipimo na kipimo. Anayeziona mara ya kwanza hudhani ni hesabu za dukani. Asili yake ni Uingereza, kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, aliyetaka watoto waimbe bila kutaabika na mistari mitano. Mchungaji John Curwen akaichukua katika miaka ya 1840, akairekebisha na kuieneza, na wamisionari wakaja nayo Afrika. Huku ilishika mizizi, na mojawapo ya sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kunakili wimbo: inaandikika kwa kalamu yoyote kwenye daftari lolote, na taipureta ya ofisi ya parokia inaweza kuipiga. Mwaka 1897, huko Johannesburg, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo kwa herufi hizihizi, na tuni yake ndiyo tunayosimama kwa heshima tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Huwa namfikiria. Mchana alikuwa na darasa la watoto, daftari za kusahihisha, kelele. Wimbo ule ulipata wapi nafasi ya kuingia?

Katika solfa, kistari maana yake endelea kushika. Kunyamaza hakuna alama. Unapotakiwa kunyamaza, karatasi imeachwa nyeupe, basi. Mgeni huipita nafasi ile kama anavyopita kiwanja kisichojengwa.

Nami niliwahi kuipita. Ilikuwa mkesha wa Pasaka, wimbo wa kumalizia, wenye pigo moja tupu kabla ya Aleluya ya mwisho. Kabla ya misa, mlangoni, nilikuwa nimesoma ujumbe wa simu kuhusu ada ya mdogo wangu, na kwa saa mbili nzima nilikuwa nikiimba huku napiga hesabu ya ada. Tulipofika kwenye pigo lile tupu, niliingia peke yangu kwa sauti yote. Kanisa zima lilinisikia. Mkono wa mwalimu haukutetereka, wenzangu waliingia mahali pao, na wimbo ukaisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Baada ya misa alinifuata nje. Hakuniuliza kwa nini nimekosea. Aliniuliza, "Dada, ulikuwa wapi?" Nikamwambia. Tukasimama getini usiku ule mpaka suala la ada likajulikana lote, kiasi gani, lini, kwa nani. Jumanne iliyofuata tukaanza mazoezi kwa kuimba kimya. Alitupa mlio mmoja, akatukata, akashusha mikono, akasema tuhesabu moyoni mapigo matano kisha tuingie pamoja bila ishara yake. Mara ya kwanza tuliingia kama mvua inayoanza kwenye bati, tone hapa, tone pale. Mara ya kumi waimbaji wa tena bado walikuwa wanawahi. Nilianza kugundua kwamba kuhesabu peke yangu hakunisaidii, hata nihesabu kwa usahihi gani. Ilinibidi nimsikie mama aliye kulia kwangu anapoanza kuvuta hewa, yule ambaye naye alikuwa akinisikiliza mimi. Sijui tulirudia mara ngapi. Kuna mara moja tuliingia watu wote kama mlango mmoja unaofunguliwa, na hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Mwalimu alisema "asanteni" kwa sauti ndogo na kugawa karatasi za wimbo.

Siku hizi wapo wanaofundisha watu waliochoka namna ya kuketi na kuifuata pumzi yao, ikiingia, ikitoka, mpaka akili irudi nyumbani. Nawaheshimu. Ila mwanakwaya hawezi kuishia kwenye pumzi yake. Kuna nyimbo zenye nota ndefu kuliko pafu la binadamu, nota inayotakiwa kulala chini ya wimbo vipimo vinane bila kukatika. Hakuna mtu awezaye. Kwa hiyo inabebwa kwa kupokezana: huyu anaiachia taratibu, anavuta hewa, anarudi kwa sauti ya chini ili asisikike akiingia, na wakati huo wa pembeni yake ameshika. Kanuni ni moja tu, na mwalimu huisema kila mwaka wanapoingia wageni: usipumue anapopumua jirani. Kuitii ni kazi ya miezi. Lazima ujue jirani yako anapumua lini, na hilo halijulikani bila kumjua. Yule mama wa kulia kwangu ana pafu fupi tangu alipougua kifua. Najua kwamba baada ya vipimo viwili ataomba hewa, na mimi nimeshajiwekea akiba kwa ajili yake. Yeye naye anajua kwamba siku nikitoka kazini bila kula, mwisho wa sentensi nitalegea. Hatujawahi kuyazungumza haya. Kanisani watu wanasikia nota moja ndefu.

Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walipima mioyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja, wakaona mapigo yakienda haraka na kupungua kwa pamoja. Maelezo yake hayana muujiza: kuimba ni kutoa pumzi polepole, pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo, na wimbo ndio unaowapangia wote saa ya kuvuta na saa ya kutoa. Nilipoambiwa habari ile nilifurahi, lakini sikushangaa. Tumewahi kuimba kwenye mazishi ya mwenzetu wa tena, na kwa beti mbili za kwanza hakuna aliyeweza kuimba vizuri. Ubeti wa tatu tulikuwa tumeshikana.

Sehemu nyingine ya kazi ya mwalimu ninayoipenda ni namna anavyotulazimisha kusema maneno kabla ya kuyaimba. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na nyimbo nyingi za zamani zilizofasiriwa juu ya tuni za Ulaya huuvunja mkazo huo vibaya, neno linaegemea mguu usio wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za watu katika liturujia mwaka 1963, watunzi wa kwetu walipata nafasi ya kuanza kutoka kwenye neno lenyewe. Mwalimu anatusomesha shairi zima polepole kama barua, kisha kwa mdundo bila tuni, kisha kwa tuni. Anayeharakisha anasimamishwa. Wapo wanaolalamika kwamba saa nzima imekwisha na hatujaimba. Mimi nimewahi kukutana na maana ya wimbo nilioimba miaka tisa, katika saa moja ya namna hiyo.

Na kuna daftari la mahudhurio. Kwaya nyingi hulitumia kutoza faini. Yeye hulichukua nyumbani, na Jumapili usiku, watoto wakishalala, anapiga simu tatu. Tatu tu, kwa sababu ndizo anazoweza kuzipiga bila haraka. Kundi letu la WhatsApp linatusaidia sana kwa ratiba, michango na matangazo ya misiba, lakini huko mtu huandika "nipo pamoja nanyi" na alama ya mikono, na hakuna anayejua kama anasema kweli. Kwenye simu mwalimu anasikia. Anasema mtu mwenye shida hupanda sauti mwishoni mwa maneno, au hushuka pasipotakiwa, na sikio lililofanya kazi ya kusaka nota iliyoteleza kati ya sauti arobaini halilali likishatoka ukumbini. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kijana mmoja wa besi amefukuzwa kazi, wiki tatu kabla hajamwambia hata kaka yake. Hakumtangaza. Alimpa kazi ya kunakili nota za Krismasi, nyimbo kumi na moja, akahakikisha anakuja kila jioni kuzileta.

Namwona mwalimu anavyochoka. Kuna Alhamisi anazofika macho mekundu, ana kikohozi, na mkono unapanda kwa shida. Siku hizo hupunguza maneno, anaimba kidogo, anatuacha tusikilizane. Sijawahi kumwona akijifanya ana nguvu asiyo nayo. Nadhani hilo ni gumu kuliko kuongoza.

Kazi ya kuimba bila kinanda ina ugonjwa wake mkubwa, kushuka. Unaanza Do ni F, unamaliza umeteremka nusu toni nzima, na kwa kuwa wote mmeteremka pamoja, hakuna anayehisi. Kushuka kunakuja pumzi inapopungua, au nota moja inaporudiwa mara nyingi mpaka watu waichoke, au mi inapoimbwa kizembe, kidogo tu chini ya mahali pake. Kinanda cha umeme kikiwashwa kinauficha ugonjwa huu, na ninaamini kimezilegeza kwaya nyingi nzuri. Mwalimu wetu hukifunika kitambaa wakati wa mazoezi mpaka wiki ya mwisho.

Alhamisi iliyopita tulipitia wimbo wa Majilio, kurasa nne, bila kusimama. Mvua ilikuwa imeanza, feni imezimwa, na simu ya mtu ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba bila kujibiwa. Tulifika kwenye mwafaka wa mwisho, tukaushika kwa kupokezana mpaka mkono wake ulipofumba. Kabla hata mlio haujaisha kwenye mabati, akatoa chuma mfukoni, akakigonga gotini, akakiweka sikioni. Kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, anapima kama tumebaki pale alipotuanzishia. Hakuna aliyeketi wala aliyefungua chupa ya maji. Mama wa kulia kwangu alikuwa amebana pumzi.