Sanamu ya Askari: Na Mpagazi Je?

Kuzuru kumbukumbu bila kuuliza nani aliyezijenga na kwa ajili ya nani ni matembezi tu, si elimu ya siasa. Tuchukue Dar es Salaam, mji uliokuwa makao makuu ya nchi. Wajerumani walimsimamishia gavana wao Wissmann sanamu, na miguuni pake wakamweka askari Mwafrika. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakazindua Sanamu ya Askari. Mwafrika akapandishwa juu, lakini bunduki aliyoishika ni ya vita vya mabeberu wawili.

Je, mpagazi? Maelfu kwa maelfu ya wakulima walilazimishwa kubeba mizigo ya vita vya 1914–1918. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao, nasi hulitamka tukienda sokoni bila kuwakumbuka.

Hatusemi sanamu ibomolewe. Tunajikosoa sisi wakufunzi: tumewapeleka vijana pale, tukapiga picha, tukarudi. Ziara ianzie Kariakoo, ndipo iishie kwa Askari.