Nyimbo za Korona na Nyimbo za Madhabahuni

Imekuwa desturi katika semina zetu za liturujia kukisifu kitabu cha Tumshangilie Mungu kuwa ndicho kilichoufungulia muziki wa Kiafrika mlango wa ibada ya Kilutheri nchini. Sifa hiyo ni ya haki. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, aliwahimiza wanafunzi wake katika miaka ya 1960 kuleta tuni za nyumbani kwao na kuziandikia maneno ya Injili. Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, Mfurahini, Haleluya, wenye tuni ya Kihaya, umeingia hata katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa Marekani. Siandiki ili kubomoa kazi hiyo. Nauliza tu: ni Afrika ipi iliyopitishwa katika mlango huo?

Tuni zilikusanywa na kutambulishwa kwa makabila. Njia hiyo yafaa Bukoba au Singida. Lakini Kilosa je? Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mji huu ukawa miongoni mwa vituo vyake. Wajerumani walijaribu pamba huko, mkonge ukafuata. Manamba waliletwa kutoka Songea, Unyamwezi, Rwanda na Msumbiji, wakalazwa katika kambi moja na kuamshwa na kengele moja. Katika miaka ya 1960 tawi la reli lilitoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero, na baadaye kinu cha pili cha sukari kikajengwa Ruembe. Mtoto wa Mngoni na Mnyamwezi aliyezaliwa kambini Kimamba ana tuni ya kabila gani? Mkusanyaji angemwuliza swali hilo, asingepata jibu, naye angeondoka akidhani mtoto huyo hana muziki.

Alikuwa nao, tena mwingi. Kwanza lilikuwapo beni, ngoma ya gwaride na vyeo, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Marini na Arinoti walishindana katika miji ya pwani na ya bara. Wachungaji wengi wa zamani waliliona beni kuwa ni upuuzi wa kipagani, wakisahau kwamba bendi za tarumbeta zilikuwa zimepigwa mapema na watumwa waliokombolewa katika misheni ya Freretown, Mombasa. Kisha likaja dansi. Mji wa Morogoro, kituo kikubwa kilicho karibu na Kilosa kwa treni, ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambako Mbaraka Mwinshehe alipata jina kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Bendi hizi ziliimba kwa Kiswahili kwa sababu wasikilizaji wao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Ndiyo lugha ile ile tunayohubiria.

Hapa wanafunzi hupenda kumwita Luther shahidi, eti alichukua nyimbo za vilabuni akazibatiza. Nawasihi wawe waangalifu. Mfano ulio wazi ni wimbo wake wa Krismasi, Vom Himmel hoch. Ulichapwa mwaka 1535 kwa tuni ya wimbo wa mitaani, na kufikia mwaka 1539 ulikuwa umepewa tuni nyingine. Luther alijaribu, akasikiliza jinsi watu walivyoipokea, akabadili. Hakufunga mlango, wala hakuuacha wazi bila bawabu.

Sisi tuliufunga, nao muziki ukapita dirishani. Sikilizeni kwaya zetu za vijana: ubeti wa polepole wenye maneno, kisha gitaa huchachamaa na watu wakaanza kucheza. Huo ndio muundo wa dansi, na sehemu ya mwisho imenenepeshwa na sebene ya Kongo. Sina ugomvi na gitaa. Ugomvi wangu ni juu ya kilichoachwa njiani. Wanakwaya walichukua mwendo wa dansi, wakaacha ujasiri wa maneno yake. Mbaraka aliweza kuuita wimbo Shida, na kila kibarua alijua ni shida ipi. Kwaya zetu huimba kwamba dunia ni mbaya, zikapita. Mkonge ulipoanguka, baada ya bei kushuka na kamba za nailoni kuenea, wako waliongoja ujira miezi mingi. Yakobo 5:4 yasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele. Vitabu vyetu vina nyimbo za mavuno. Wimbo wa ujira mimi sijauona. Ni mapungufu ya kitheolojia, kwa maana sheria isiyotaja dhambi kwa jina huzaa injili isiyomgusa mtu.

Lumuma si mji wa kiwanda. Ni bonde la vitunguu katika milima ya Usagara, na wanaume wake waliteremka kwenda mashambani Kilosa wakarudi wazee. Nilipohubiri huko, kabla ya ibada, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye korona aliniimbia chini ya mti. Mmoja huanzisha, wengine hujibu, na kila jibu ni fungu moja la majani lililohesabiwa. Katikati ya hesabu yamo majina ya waliokatwa vidole na mashine. Ni litania kamili: kiongozi, kiitikio na kumbukumbu ya walioumia. Nimefundisha somo la litania kwa miaka kadhaa bila kuwa na mfano mzuri kama ule.

Nikamwambia, “Mzee, tuuimbe huu leo, mahali pa maombi ya kanisa zima.”

“Hapana, Mchungaji,” akajibu. “Ule si wimbo wa kanisani. Ule ni wa kazi.”

Akaingia ndani akaketi benchi la nyuma. Vijana walikuwa tayari wameunganisha spika.