Jicho la Muuza Vitenge

Siku ya soko pale Fataki, juu kwenye baridi ya Djugu, nilikaa nyuma ya meza ya mama mmoja muuza vitenge tangu ukungu haujapanda. Mizigo yake hupanda kwa barabara ya Bunia, mingine hushuka kutoka upande wa Mahagi. Sikwenda kununua. Nilikwenda kumtazama akitazama.

Macho ya wateja hayamshughulishi, maana kila apitaye huangalia. Yeye hufuata mkono. Mwanamke akagusa kitenge cha bluu, akakiacha, akauliza bei ya cha njano, kisha mkono ukarudi kwenye pindo la kile cha bluu kana kwamba analinyoosha tu. Mama keshajua. Akakisogeza mbele kidogo, akaendelea kuhesabu chenji.

"Ukimharakisha mteja," aliniambia baadaye, "atakumbuka kwamba ana haraka."

Maduka ya intaneti nayo yamejifunza kufuata mkono, na wenzangu wanaouona ufundi huo kuwa upelelezi mtupu wananishangaa ninapousifu. Mwanzoni wavuti haikuwa na kumbukumbu: ukifungua ukurasa wa pili, kompyuta ya duka inakupokea kama mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape akabuni kidakuzi, alama ndogo ambayo duka huiacha kwenye kivinjari chako nawe unairudisha kwake kila urudipo bila kujua. Tangu hapo pindo lililoguswa mara mbili likaonekana: ukurasa uliokaa nao, kitu ulichokitia kikapuni ukakitoa, viatu ulivyovirudia usiku wa tatu.

Ila kuona ni nusu ya kazi. Mwaka 2003 Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York walieleza jinsi Amazon ilivyoacha kutafuta watu wanaofanana nawe kati ya mamilioni. Wao waliziuliza bidhaa: nani huenda na nani? Jedwali la majibu huandaliwa mapema; ukifika, wanasoma tu mstari wako. Na hapo pana jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Kitu kinachonunuliwa na kila mtu hakisemi lolote. Sabuni imo katika kila kikapu cha Fataki, kwa hiyo sabuni ni bubu, na hesabu nzuri huipunguzia uzito. Lakini beseni, thermosi na blanketi dogo vikibebwa pamoja asubuhi moja, mama yeyote sokoni anajua kuna mtu anayekaribia kujifungua.

Anajua, na mteja anamwona akijua. Kidakuzi hakina uso, na hilo sitalitetea.

Tena mashine haijui kunyamaza. Niliwahi kununua sufuria kwa simu, nikafuatwa na sufuria wiki mbili, kana kwamba nafungua hoteli.

Karibu saa sita yule mwanamke akarudi. Hakubishania bei sana, akalipa, akakunja kitenge chake cha bluu. Papo hapo mama akaviondoa mezani vyote vya rangi ile, akavirudisha ndani ya mfuko.

"Fundi wako ana cherehani yake mwenyewe?" akamwuliza, huku mkono wake wa kushoto umeshaingia kwenye kopo la nyuzi, kutafuta ya bluu.