Subira ya Mpima Neva

Mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati. Vidole vimelegea, misuli ya kiganja imeanza kukonda, ila maumivu hana na ganzi hana. Daktari mwenye haraka atataja ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli na ambao hadi leo hauponyeki. Mpima neva mzuri hana haraka hiyo.

Kwanza anaupasha mkono joto, maana neva iliyopoa hupitisha umeme polepole hata ikiwa nzima. Anabandika elektrodi kwenye msuli ulio chini ya kidole cha mwisho, kisha anaishtua neva kwa umeme mdogo: kifundoni, chini ya kiwiko, juu yake, hadi kwapani. Kila mshtuo, kidole kinaruka na kilima kinachomoza kwenye skrini. Tuseme kilima cha kifundoni ni kirefu, na cha chini ya kiwiko hakifiki nusu yake. Hapo katikati huenda kuna kizuizi, umeme umekwama.

Huenda tu. Anaongeza nguvu ya umeme, asije akawa ameamsha nusu ya neva. Anaishtua na neva jirani kiwikoni, kwa kuwa wapo watu waliozaliwa na nyuzi zinazovuka kutoka neva moja kwenda nyingine, nazo huiga kizuizi vizuri kabisa. Halafu anapima neva za hisia palepale. Zikiwa nzima, sasa anaandika kwamba ni kizuizi. Mimi ustadi naupima hapo, kwenye kuchelewa kuandika.

Mwaka 1988, Alan Pestronk na wenzake wa Baltimore, Marekani, walieleza wagonjwa wawili wenye vizuizi vya aina hii, ambao ugonjwa wao haukuwa ALS bali mwingine unaotibika. Damu yao ilikuwa na kingamwili zinazoshambulia GM1, mafuta yenye sukari yaliyomo kwenye utando wa neva. Dawa ya kutuliza kinga iliwarudishia nguvu. Siku hizi hutangulizwa immunoglobulini ya kupitishwa mshipani. Steroidi zaweza kuwazidishia wagonjwa udhaifu.

Kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Wagonjwa wengi wa aina hii hawana kingamwili hizo, na baadhi ya wenye ALS wanazo kidogo.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu ambaye mkono wake unalegea bila ganzi, omba neva zake zipimwe hatua kwa hatua hadi kwapani kabla hamjakubali jina la ALS.