Mkono wa Mwokaji Ndani ya Sanduku: Mashine ya Mkate Kibera na Kawangware

Mkate ndio chakula ambacho watu wa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, hukila kila siku bila ya kukioka. Ugali husongwa nyumbani, maharagwe hutokoswa nyumbani au hununuliwa kwa jirani yakiwa yameiva, na chapati husukumwa kando ya barabara mbele ya macho ya mnunuzi. Lakini mkate huja na gari alfajiri, umekwisha kukatwa vipande na kufungwa katika nailoni, na mkono uliouumba haujulikani. Jinsi chakula hiki cha kuletwa kilivyoingia katika maisha ya watu hata kikawa kipimo cha maisha yenyewe ilidhihirika mwaka 2024, wakati Muswada wa Fedha wa Kenya ulipopendekeza kuutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16: hamaki ilienea nchi nzima, pendekezo likaondolewa tarehe 18 Juni, na siku nane baadaye Rais akakataa kutia sahihi muswada wote. Kwa hiyo swali la kuoka mkate nyumbani, hata katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kuta za udongo na paa la mabati, lina uzito wake, na mashine inayodai kuifanya kazi hiyo peke yake yastahili kuchambuliwa kwa makini kabla ya mtu kuitolea fedha zake.

Kwa sura ya nje mashine ya mkate ni sanduku lenye mfuniko. Ndani yake mna ndoo ndogo ya chuma isiyoshika unga, chini ya ndoo mna pezi moja linalozungushwa na mota, kandokando mna waya wa joto, na ubavuni mna kihisi cha kupimia joto pamoja na bodi ya elektroniki inayohesabu dakika. Mpishi hutia maji, unga, chumvi, sukari, mafuta na hamira, akafunga mfuniko na kubonyeza kitufe; ndipo mashine ikakanda kwa dakika ishirini au zaidi, ikauacha unga uumuke, ikauzungusha kidogo ili kuutoa hewa, ikauacha uumuke mara ya pili, kisha ikawasha joto lake na kuoka kwa muda wa karibu saa moja. Tangu mwanzo hadi mwisho hupita saa tatu hadi nne. Wepesi wa maelezo haya umewafanya wengi wadhani kwamba taabu ya kukiumba chombo hiki ilikuwa katika moto au katika saa, ilhali taabu yenyewe ilikuwa katika kukanda.

Kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ambayo bidhaa zake tunazijua kwa jina la Panasonic, ilipokuwa ikiitengeneza mashine yake katikati ya miaka ya 1980, ilipata mkate ambao ganda lake limeungua na ndani yake ni mbichi. Wahandisi walipima na kulinganisha kila walichoweza, hata wakayapiga picha za eksirei donge lililokandwa na mashine na donge lililokandwa na mwokaji, wasipate natija ya kuwafaa. Ndipo Ikuko Tanaka, mmoja wa waandishi wa programu za mashine hiyo, alipotoa shauri ambalo nadhani ni la hekima kuliko vipimo vyote vilivyotangulia: madhali mwokaji mkuu wa Hoteli ya Osaka International ana sifa ya kuoka mkate mzuri kupita wote mjini, na tumwendee tukajifunze kwake. Mwaka 1985 akaenda mwenyewe, akasimama kando ya fundi huyo na kuifuata mikono yake, hata akatambua kwamba fundi alipokuwa akikanda alikuwa pia akiuvuta unga huku akiusokota, kwa namna ambayo pezi la mashine halikuweza kuiga. Baada ya kazi ya mwaka mzima pamoja na wahandisi, chombo kikatiwa mbavu maalumu kwa ndani, ili unga unapozungushwa uzuilike, na ukizuilika uvutike na kusokoteka. Mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Maprofesa Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi walikieleza kisa hiki katika kitabu chao cha mwaka 1995, na tangu hapo kimekuwa somo katika vyuo vya biashara. Natamani kingekuwa somo la jikoni kadhalika.

Sababu ya mvuto na msokoto kuwa na athari kubwa kiasi hicho ni hii: protini za ngano zikilowa maji na kukandwa hushikana, zikafanya utando unyumbukao uitwao gluteni, na utando huo ndio unaoizuia hewa itolewayo na hamira. Utando ukiwa dhaifu hewa hutoroka, donge hubaki zito, na joto hushindwa kupenya hadi katikati. Na mwenye mashine, akiona katikati pabichi, huongeza muda wa moto akazidi kuliunguza ganda. Kosa la kukanda huonekana kwa sura ya kosa la kuoka.

Mikono yenye elimu hiyo haikukosekana katika mitaa tunayoizungumzia. Mtu akipita Makina kule Kibera kabla ya mapambazuko, au akisimama karibu na stendi ya 46 kule Kawangware, atawaona akina mama na vijana wakikanda unga wa mandazi na wa chapati kwa kilo nyingi, wakiuvuta na kuukunja, wakiupumzisha chini ya kitambaa, wakiubonyeza kwa kidole ili kujua kama umelainika, na yote hayo bila ya saa wala kihisi. Kilichokosekana ni moto wa namna nyingine. Mandazi hupikwa ndani ya mafuta na chapati juu ya chuma, lakini mkate unataka joto lililofungwa, linalouzunguka pande zote kwa muda mrefu. Mashine hutoa mambo mawili kwa pamoja, ukandaji na moto huo wa kuzunguka, na uchambuzi wa haki lazima uyatenganishe, kwa kuwa Nairobi huyapokea kwa namna mbili tofauti.

Tuanze na mahali penyewe. Nairobi imekaa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kawangware yazidi kimo hicho kidogo. Hewa hapa hukandamiza kwa nguvu iliyo kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Unga unaoumuka chini ya hewa nyepesi huvimba upesi na kwa wingi, na kwa vile mashine huhesabu dakika bila ya kuutazama unga, mkate ulio sawasawa katika kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa miji ya pwani hufika kilele chake mapema, ukakaa ukingoja joto, utando wake ukachoka, na joto linapowaka huzama katikati. Mwokaji mwenye macho angeutia motoni mapema. Mwenye mashine, asiyeweza kuiharakisha, hana budi kuichelewesha hamira: apunguze robo ya kipimo kilichoandikwa, apunguze sukari kidogo, na chumvi asiipunguze kabisa, kwa maana chumvi ndiyo inayoizuia hamira isikimbie.

Kwa mkate wa gramu 400 napendekeza gramu 270 za unga wa ngano, mililita 170 za maji, gramu 5 za chumvi, kijiko kidogo cha sukari, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, na hamira ya chenga robo tatu ya kijiko kidogo, yaani gramu mbili na kitu. Hamira isiguse chumvi wala maji kabla ya mashine kuanza. Unga wa nyanda za juu hukauka haraka, hivyo mfuniko ufunguliwe baada ya dakika kumi za kukanda, jambo lisilodhuru: donge likiwa na mipasuko, litiwe kijiko cha maji, likiwa linanata ukutani, linyunyiziwe unga. Mwezi wa Julai, wakati asubuhi za Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, maji yawe vuguvugu kiasi cha kuvumilika na mkono wa mtoto. Na mchana wa Februari chini ya mabati, yawe baridi. Tena, kwa kuwa katikati ya mkate hapawezi kupita kiwango cha maji kuchemka, mkate wa hapa hukawia kukauka ndani, nao ukitolewa ukatwe baada ya kupoa.

Ama umeme, watu huuogopa kwa sababu isiyo yake. Mashine ya kawaida hula wati 500 au 600 inapooka, na mota yake ikikanda hula wati mia moja hivi. Kazi nzima ya mkate mmoja haifiki nusu ya yuniti ya tokeni, na sehemu kubwa ya hiyo huenda katika kuoka. Hofu iliyo ya haki ni ya umeme kukatika na kulegea. Mashine nyingi hukumbuka zilipofika kwa dakika kumi au kumi na tano tu. Ukikatika nusu saa, mashine husahau yote, na donge lililokuwa likiokwa haliokoleki. Fauka ya hayo, nyumba nyingi za Kibera hupata umeme wa sambaza, waya mmoja ukigawiwa vyumba vingi, na jioni, wakati kila mtu amewasha chombo chake, nguvu hushuka. Volti 240 zikiwa 200, joto la waya hupungua kwa karibu theluthi moja, ilhali saa ya mashine huendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichotokea. Mkate hutoka mweupe na mbichi, mwenyewe akalaumu unga. Sisemi neno juu ya hatari ya waya hizo kwa maisha ya watu, maana hilo ni zito kuliko mkate. Nasema tu kwamba chombo kinachohitaji saa nne za umeme usiotikisika hakikubuniwa kwa sambaza.

Lakini kukanda hakuhitaji saa nne. Kunahitaji dakika ishirini na tano na chini ya sehemu ya kumi ya yuniti, na hata umeme ukikatika katikati, donge halijaharibika: humaliziwa kwa mkono. Hapo ndipo ninapouona ufumbuzi. Mashine ikande, na moto utafutwe mahali pengine.

Moto huo upo, na watu wa mwambao wameujua tangu zamani kwa kupalia makaa juu ya kifuniko. Huchukuliwa jiko la makaa lenye kigae cha udongo, la namna iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Juu yake huwekwa sufuria kubwa nene yenye mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili na vijiwe vitatu, ikapashwa moto kwa robo saa. Juu ya vijiwe huwekwa sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, yenye donge lililoumuka mara ya pili hadi karibu na ukingo. Hufunikwa, na makaa mekundu hupaliwa juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyobaki chini. Kwa dakika arubaini hadi hamsini mkate wa gramu 400 huiva, ganda lake likiwa na rangi ambayo mashine, kwa joto lake la kadiri, haiipati. Kazi hii ifanyiwe nje au barazani, kamwe isifanyiwe chumbani mlango ukiwa umefungwa, maana moshi usioonekana wa makaa huua. Laini Saba, ndani ya Kibera, wasanifu wa Planning Systems Services walijenga jiko la jamii la kuchoma taka za mtaa, lenye tanuri za kuokea. Nalo ni ushahidi kwamba moto wa kuoka unaweza kuwa mali ya watu wengi.

Fikra hiyo ya ushirika ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Paketi ya unga ya kilo 2, ambayo aghalabu bei yake haizidi sana ya mikate mitatu ya dukani, hutoa mikate saba ya gramu 400. Ziada hiyo ndiyo inayolipia hamira, mafuta, makaa na kazi. Lakini bei ya mashine mpya hununua zaidi ya mikate mia, na familia moja inayokula mkate mmoja kwa siku itangoja miezi kabla ya kuirudisha. Tena, ikitumiwa kama kitabu kinavyoelekeza, hutoa mkate mmoja kwa saa tatu na nusu, kasi isiyoweza kumlisha hata jirani wa ukuta mmoja. Ikitumiwa kukanda tu, ndoo ya kawaida hubeba unga wa mikate miwili. Kwa saa hizo hizo, mota ikipumzishwa kila mara ili isiungue, madonge manane hutoka, na majiko manne ya jirani huyapokea. Chama cha akina mama wanane wa ua mmoja kina faida hapo. Mtu mmoja peke yake, kwa maoni yangu, hana, isipokuwa awe na mita yake mwenyewe na umeme wa kutegemewa.

Kwa hiyo nawasihi wanaofikiria kununua mashine hiyo wainunue kwa pamoja, na waisome kwanza chapa iliyo chini ya mashine, hasa ikiwa ni ya mitumba: iliyoandikwa volti 100 au 120 ilitengenezwa kwa Japani au Marekani, na ikichomekwa katika umeme wa Kenya itaungua siku ya kwanza. Fedha itakayobaki inunue mizani ndogo ya jikoni, kwa maana kwa kimo hiki gramu moja ya hamira ikizidi, mkate huzama.