Kabla ya Kununua Betri Mpya

Pikipiki ikigoma kuwaka kwa selfu asubuhi, hukumu hutoka kabla ya ushahidi: betri imekufa, nenda duka la spea. Hukumu hiyo si ya uongo kila mara, maana betri huchakaa kweli, hasa kwenye joto la pwani. Kasoro yake ni kwamba taa hafifu, honi inayokoroma na selfu inayogonga tu bila kuzungusha injini ni dalili zinazoweza kutokana na vyanzo vinne tofauti: betri yenyewe imechoka, au chaji haiifikii, au umeme unavuja pikipiki ikiwa imezimwa, au vifaa vinakula kuliko injini inavyozalisha. Betri mpya hutuliza vyanzo vyote vinne kwa muda, kwa sababu tu imefungwa ikiwa imejaa. Mteja huondoka ameridhika, fundi huonekana bingwa, na baada ya majuma machache ugonjwa unarudi ukiwa umeharibu betri ya pili. Ninachodai hapa ni kwamba mita ya kawaida ya mkononi, ambayo bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya betri, inaweza kuvitenganisha vyanzo hivyo nyumbani, mradi vipimo vifuate mpangilio.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa pikipiki ikiwa imepumzika usiku kucha. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, na ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Ikisoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, hesabu yenyewe inasema: seli moja imekufa, na hapo kweli hakuna tiba ila kununua. Ila kipimo hiki kina mtego, na mafundi wanaokibeza wana hoja. Wanasema wameona betri zinazosoma 12.7 lakini hazizungushi injini hata mara moja. Ni kweli, kwa sababu volti hazielezi wingi wa umeme uliohifadhiwa. Betri inayoachwa muda mrefu bila chaji ya kutosha hufunikwa bamba zake na fuwele ngumu za salfeti ya risasi, na sehemu inayofanya kazi hupungua. Ni kama mtungi uliojaa mchanga karibu na mdomo: kikombe kimoja cha maji kinaufurisha, na kikombe hicho hicho ndicho utakachokinga. Basi hoja hiyo haiondoi thamani ya mita. Inadai tu kwamba betri ipimwe ikiwa kazini. Shikilia selfu huku ukitazama mita. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.5 hivi. Iliyojaa ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka hadi 7 au 8, imechoka ndani. Kwa pikipiki ya kiki pekee, washa indiketa, kanyaga breki na upige honi kwa pamoja, uone volti zinavyoanguka.

Kipimo cha pili ndicho ninachokithamini zaidi, na ndicho kinachorukwa mara nyingi. Injini ikiwa inaunguruma, na mafuta yakivutwa kufikia mwendo wa kawaida wa barabarani, volti kwenye vichwa vya betri zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.8. Zisipopanda kabisa kuliko zilivyokuwa injini ikiwa imezimwa, chaji haifiki, na betri yoyote utakayoifunga itafuata njia ya mwenzake. Zikipita 15, regulata, yaani kidhibiti cha chaji, imeshindwa kuzuia; betri itachemka, maji yatapungua kila mara, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Yupo atakayesema mita za bei rahisi hazisomi sawasawa. Hazisomi, na mita yenyewe ikiwa na betri iliyochoka inaweza kuanza kusoma juu kuliko ukweli, kichekesho ambacho kimewapoteza wengi. Lakini hapa tunatafuta tofauti kati ya masomo mawili ya mita ile ile, dakika chache zikipita katikati. Mita inayokosea kwa kiasi kile kile mara zote mbili bado inatoa tofauti ya kweli.

Mbinu ya vijiweni ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka, kuona kama itazima, haistahili kuchukua nafasi ya kipimo hicho. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, cheche ya plagi hutoka kwenye koili yake yenyewe ndani ya magneti, haitegemei betri. Injini itaendelea kuunguruma hata kama chaji imekufa kabisa, na jibu litakuwa la uongo. Kibaya zaidi, betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme. Ikiondolewa, volti zinaweza kuruka na kuunguza balbu au vifaa vya elektroniki.

Sasa tuchukue hali inayowachanganya hata mafundi hodari: betri nzima, chaji nzima, lakini kila jioni selfu inagoma. Hii huwapata sana bodaboda, na sababu iko kwenye hesabu. Koili ya chaji ya pikipiki ndogo huzalisha kidogo sana injini ikiunguruma taratibu. Mwendeshaji anayekaa kwenye foleni, redio ikilia, taa za nyongeza zikiwaka na chaja ya simu ikiwa kazini, anaweza kutumia ampia moja zaidi ya inayoingia. Betri ya ampia-saa 5 kwa mwendo huo humalizika ndani ya saa tano kinadharia, na selfu huishiwa nguvu mapema kabla ya hapo. Kuthibitisha ni rahisi: acha injini iungurume bila kuvuta mafuta, soma mita vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kisha viwashe vyote. Volti zikishuka chini ya 12.6 na kuendelea kuteremka, betri inalipa deni la redio. Hapo hakuna kilichoharibika, kuna kilichozidi.

Uvujaji una tabia ya kujificha kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku, kwa sababu kinachopotea usiku hurudishwa mchana. Hujitokeza pikipiki ikilala siku kadhaa bila kazi. Ufunguo ukiwa umetolewa, weka mita kwenye ampia 10, iunge kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake uliochomolewa. Usiguse selfu mita ikiwa hapo, la sivyo mita inaweza kuungua. Miliampia chache ni kawaida, hasa penye alamu. Lakini miliampia 50 zitamaliza ampia-saa 5 kwa saa 100, yaani siku nne na ushei. Chomoa vifaa kimoja kimoja, ukianza na vile vilivyoongezwa baada ya kununua pikipiki, hadi namba ianguke. Ikianguka pale tu plagi ya regulata inapochomolewa, diodi zake zinarudisha umeme nyuma.

Ikiwa chaji ndiyo isiyofika, anza na nyaya kabla ya kushuku kifaa. Injini ikiunguruma, gusa ncha moja ya mita kwenye bodi ya injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ina kutu au imelegea. Rudia kati ya waya wa chaji unaotoka kwenye regulata na kichwa chanya. Ifungue pia plagi ya regulata uitazame kwa macho. Pini zilizogeuka rangi au plastiki iliyoyeyuka ni jibu tosha. Koili ya chaji hupimwa ikiwa imechomolewa, mita ikiwa kwenye volti za mkondo geu: zinapaswa kupanda wazi kadiri injini inavyozunguka kasi, na penye nyaya tatu, kila jozi isome karibu sawa na nyingine. Kuna kanuni kwamba koili isiwe na muunganiko wowote na ethi. Kanuni hiyo inafaa kwa mfumo huo wa nyaya tatu, lakini pikipiki nyingi ndogo zina koili ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye ethi makusudi, na anayeifuata kanuni bila kuangalia mchoro wa pikipiki yake atatupa koili nzima. Nyaya zikiwa safi na koili ikizalisha, imebaki regulata. Mpya ifungwe imara kwenye chuma ili ipoze joto lake, kisha mita irudishwe kwenye vichwa vya betri siku hiyo hiyo. Ikisoma zaidi ya 15 mafuta yakivutwa, regulata hiyo imetoka dukani ikiwa mbovu, na irudishwe kabla haijachemsha betri.