Watunzaji wa Chura wa Kihansi

Watunzaji wa chura wa Kihansi wanastahili pongezi ambazo ni nadra kutolewa kwa watu wa kazi yao, kwa kuwa wamemlea kiumbe ambaye makazi yake ya asili, katika korongo la Mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, hayakuzidi hekta chache. Chura huyu mdogo wa rangi ya manjano, ambaye hatagi mayai bali huzaa, aligunduliwa mwaka 1996 wakati bwawa la umeme likijengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu ya maporomoko yaliyomhifadhi yalipungua mno, na ingawa mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ambayo chura huitumia kupumua na kufyonza maji, iliingia korongoni na mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kilichomwokoa ni vyura 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani, ambako watunzaji wa bustani za wanyama za Bronx na Toledo walijifunza, baada ya vifo vingi vya kusikitisha, kiasi cha mwanga, unyevu na wadudu anaohitaji. Mwaka 2010 kizazi chao kilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kikaanza kuachiliwa korongoni. Kila anayeingia huko na asafishe viatu vyake kwa dawa, asiipeleke tena kuvu hiyo.